Kadi ya Clemente: ni rukii kweli au nachezewa akili?

Msafiri_wa_Pitt: Wakuu, habari za jioni. Nipo Pittsburgh, namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake. Juzi kanipa kadi ya besiboli ya mchezaji Roberto Clemente, ya kampuni ya Topps, imelala kwa upana. Mpwa wake alipoiona akadai ni rukii, nimuuzie yeye haraka. Nimegeuza mbele na nyuma, sioni mwaka umeandikwa popote. Mpira ninaoujua mimi ni wa miguu. Mwaka wake nitaujuaje? Na rukii hasa ndiyo nini?

Kifaru72: Usiuze kwanza, na usiisugue na kitambaa! Rukii ni kadi ya kwanza ya mchezaji kwenye seti (mkusanyo wa kadi za toleo moja) iliyouzwa nchi nzima. Ya Clemente ni Topps ya 1955, namba 164. Tatizo ni kwamba ya 1956 nayo imelala hivyohivyo, ina sura kubwa na yeye akicheza pembeni. Upande wa mbele wa kadi, angalia kilichopo nyuma ya sura yake. Ya 1955 ina rangi tupu, ya 1956 picha ya mchezo imejaa kadi nzima hadi uwanja unauona.

Tena soma takwimu za mgongoni. Kwa kawaida ni za msimu uliopita, kwa hiyo unaongeza mwaka mmoja. Clemente alianza Pirates, timu ya hapo Pittsburgh, 1955. Kadi yenye takwimu zake za Pirates haiwezi kuwa rukii.

BiMkubwa_Ohio: Kifaru, hapo kwenye "ya kwanza" ndipo watu wanapotoana macho. Mchezaji Jackie Robinson aliingia ligi kuu 1947, na kadi yake ya kampuni ya Leaf wengi wanaiita ya 1948. Lakini kwenye seti hiyo zipo kadi zenye hakimiliki ya 1949 mgongoni! Babe Ruth naye ana kadi ya 1914 akiwa Baltimore, ila ilikuwa ligi ndogo, basi wengine hawaihesabu.

Kifaru72: Sikatai bi mkubwa. Na rukii si lazima ndiyo iwe ghali zaidi. Ya Mickey Mantle ni ya kampuni ya Bowman, 1951, lakini iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 ni Topps ya 1952.

Chakubanga: Milioni 12 kwa kipande cha karatasi, na mimi nilichezea zangu za bablishi hadi zikachanika 😭

Msafiri_wa_Pitt: Nimeangalia kwa tochi. Uwanja upo nyuma yake, na mgongoni kuna namba 33.

Kifaru72: Hiyo ni 1956. Mwaka wake wa pili. Bado ni kadi nzuri sana, iweke kwenye plastiki ngumu.

BiMkubwa_Ohio: Na jina limeandikwa Roberto? Tangu 1957 Topps walimwita "Bob" miaka mingi, na mwenyewe hakulipenda.

Msafiri_wa_Pitt: Roberto kamili. Nimemwambia mzee si rukii, kacheka. Kumbe alijua siku zote, ni mpwa tu asiyejua.