Mtu mmoja, meza ya watu wanne: ni halali kumhamisha?

Wakuu, juzi nilikuwa Kariakoo, saa saba mchana, njaa imenishika. Nimeingia mgahawani peke yangu, nikachagua meza ya pembeni: mgongo ukutani, macho mlangoni. Wali samaki haujafika, mhudumu huyo: "Kaka samahani, hawa wako wanne, sogea pale." Pale penyewe ni mlangoni mwa choo. Nikahama. Bei niliyolipa ni ileile ya waliobaki ukutani.

Tujadili: anayekula peke yake ana haki gani ya kiti? Kuchanganywa na nisiyemjua sikatai. Kwa mama ntilie tunabanana benchi moja, aliyetangulia anasema "karibu", mwingine anajibu "ahsante, na mimi nimeagiza", tunapeana pilipili, yameisha. Ninachokataa ni kusukumiwa chooni kwa kosa la kutokuwa na mwenzangu. Wajapani wana kaunta ndefu kwenye migahawa ya ramen (tambi za mchuzi) na sushi (wali na samaki mbichi), unakaa ukimtazama mpishi. Ichiran, wenye migahawa ya ramen iliyoanzia mji wa Fukuoka, wamekwenda mbali zaidi: kila mteja na kijisehemu chake, mbao kushoto na kulia, bakuli linapitishwa kwenye kidirisha mbele yako. Amsterdam nako mwaka 2013 Marina van Goor alifungua kwa muda mgahawa uitwao Eenmaal, meza zote za mtu mmoja. Sisi ubao wa dirishani na stuli tano tu vinatushinda?

*

Mkuu, mimi ni mhudumu, Mwanza. Saa saba mpaka nane na nusu ndiyo biashara yetu ya siku nzima. Ukikalia meza ya wanne na soda moja na simu yako, wale wanne wanavuka barabara, na bosi haulizwi, naulizwa mimi. Ila niseme ukweli: tunamhamisha aliye peke yake kwa sababu habishi. Kundi lingebisha.

*

Mtoa mada, wewe unalia na choo tu? Mimi mwanamke, nikiingia peke yangu jioni naletewa menyu mbili. "Tumsubiri mgeni wako?" Hakuna mgeni! Kabla sijamaliza supu inakuja soda "kutoka meza ile", na mwenye soda nyuma yake. Kwa hiyo, hiyo kaunta yako baki nayo. Kaunta ni kumpa kila mlevi kiti cha jirani. Dirishani ndiyo kabisa, nahesabiwa matonge na kila anayepita njia. Mimi nakaa karibu na keshia, mwenye mgahawa ananiona na mimi namwona. Kelele za chenji nazivumilia.

*

Vijana mnapoteza muda. Kwetu Pwani chakula ni sinia. Kujifungia na sahani yako peke yako kama unaficha kitu ni uchoyo, msituletee ya Japani.

*

Shikamoo mzee wangu. Naendesha lori Dar–Tunduma. Sinia hilo nile na nani, na tairi? Nikisimama Ruaha Mbuyuni nakaa panapotazama gari, hata kama ni juani, hata kama pana nzi. Kiti si tatizo langu. Tatizo ni mchoma nyama anayeniambia hakati chini ya nusu kilo.

*

Mtoa mada tena. Dereva, hiyo nusu kilo ifungulie mjadala wake, nitachangia. Dada, nimekuelewa, nilidhani sote tunataka kiti kimoja. Basi naondoa stuli zangu, nabaki na ombi dogo: mhudumu aulize kwanza, "Utapenda kukaa wapi?", kabla hajaonyesha kidole.

*

Wa Mwanza hapa. Sawa, nikuulize saa saba hiyohiyo, wanne wamesimama mlangoni. Utajibu nini?

*

Ukutani.