Pangani si Muthaiga! Mtaua watu kwa tamaa ya kodi

Sina salamu leo, nina hasira.

Tunaishi Pangani, Nairobi, upande wa Juja Road. Miaka yote nikimwelekeza mtu namwambia: shuka Pangani, ingia Juja Road, pita kituo cha polisi, ukiona fundi viatu mwenye mwavuli wa njano uliza hapo. Hakuna aliyewahi kupotea. Mwaka huu fleti ikauzwa, ajenti mpya akaja na bango la herufi za dhahabu: jina la Kizungu, na chini yake MUTHAIGA, ule mtaa wa matajiri. Kwenye ramani ya simu pia wakaandika hivyo hivyo. Kodi ikapanda elfu nne. Maji bado ni Jumanne na Ijumaa.

Juzi saa nane usiku dada yangu akashikwa na uchungu, na shemeji yuko safari. Nikapigia ambulensi, nikataja Pangani na jina la fleti. Aliyepokea akaangalia mashine yake: "Hiyo ni Muthaiga, gari limetoka." Nikamwambia si Muthaiga. "Usijali boss, dereva ana ramani."

Dakika ishirini na tano. Kisha dereva ananipigia, yuko mbele ya geti jeusi, askari anammulika na tochi, mbwa wanabweka, anauliza mimi ni wa nyumba gani. Jameni! Muthaiga iko ng'ambo ya Thika Road. Sisi tunapakana na Mathare!

Aliyetuokoa ni jirani anayedamkia Gikomba kununua mitumba. Dada akalazwa nyuma ya gari lake, Probox, juu ya magunia matupu, ameng'ang'ania mkono wangu mpaka pete ikanichoma, tukashuka Kariokor tukakata kuelekea Pumwani. Hospitali ya uzazi iko pale tangu 1926, na kutoka kwetu usiku ni dakika chache tu.

Asubuhi nikamwendea ajenti. Akacheka. "Muthaiga inauza, boss. Kwa Pangani nani atatoa hiyo pesa?"

Sikatai majina kubadilika. Forest Road ilipopewa jina la Wangari Maathai nilifurahi, hata kama makanga bado wanaita Forest. Doonholm Road ikawa Jogoo Road, tukazoea. Kariokor ni Carrier Corps iliyopita kwenye ndimi zetu, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza; ukilitaja umewataja. Sasa hili jipya la fleti yetu linamkumbuka nani? Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakoloni walibomoa Pangani ya zamani, watu wakahamishiwa Shauri Moyo, na jina likakataa kuhama. Leo linafutwa na bango la plastiki lenye taa, tena taa zenyewe nusu zimeungua.

Na si fleti yetu peke yake. Kuna nyingine mbili mtaani zimeanza mchezo huo huo.

Mtoto ni wa kike, mzima, mama yake pia. Mwenye kujua ni ofisi gani ya kaunti inayotoa vibali vya mabango aseme hapa. Na mwenye kujua namna ya kurekebisha ile ramani anieleze polepole, kwa sababu nimejaribu mara tatu na kila mara inarudi Muthaiga.