Watengeneza programu wa Mombasa, tupeane uzoefu: ufundi ulikufikisha wapi, na mdomo ulikufikisha wapi?

Mwenye mada
Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Huu mwaka wa tisa natengeneza programu, na swali hili halijaniondoka. Natanguliza langu, nanyi mtie yenu.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mfumo wa stoo wa duka la leso pale Biashara Street. Nilijifungia chumbani miezi miwili. Wallahi ulikuwa safi: hifadhidata imepangika, kila kipande kimejaribiwa, umeme ukikatika hakipotei kitu. Wiki mbili baada ya kuufunga napita dukani, namkuta muuzaji anaandika kwenye daftari lile lile la zamani. Juu ya kompyuta kuna sahani ya viazi karai.

Mimi niliweka kisanduku kimoja tu, "idadi". Wao wauza kwa doti. Kijana akiuza doti tatu anaandika 3, mfumo unatoa leso tatu badala ya sita. Na korja, ambayo kila mtu mtaa ule aijua ni ishirini, sikuiweka kabisa. Ikifika Ijumaa, hesabu ya kompyuta na mali iliyo rafuni haziingiliani hata kidogo.

Mama mwenye duka hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, siku zote hizo ulipokuwa watengeneza, mbona hukuja kukaa nasi hata asubuhi moja?"

Kurekebisha kulinichukua siku mbili. Kuwarudisha wale watu kwenye kompyuta, miezi minne.

Wa Kisauni
Yangu ni ya neno moja. Si mwajua sisi twasema "kodi" tukimaanisha yale maandishi ya programu? Nikampigia mteja, mzee mwenye duka la vipuri: "Mzee, kodi yako ina shida, nimeigundua jana usiku, nipe siku tatu." Kimya. Akakata simu. Nusu saa baadaye mhasibu wake ananipigia, sauti yatetemeka, auliza KRA, wale watoza kodi ya serikali, wamesema nini. Mzee ameshafunga duka, yuko nyumbani anapekua risiti za mwaka mzima.

Siku hizi nasema msimbo, na mbele ya mteja hata hilo silitaji. Namwambia: ukibonyeza hapa risiti haitoki, Alhamisi itatoka.

Mwenye mada
Nimecheka mpaka kahawa imenimwagikia. Pole yake mzee.

Binti wa Bamburi
Jamani, msije mkawadanganya vijana kwamba mdomo watosha. Mimi nilianguka upande wa pili. Wateja walinipenda, nikiingia kikao natoka na kazi. Nikapewa ya kuunganisha malipo ya M-Pesa na tovuti ya nyumba za wageni.

Mgeni akishalipa, seva yako yaletewa ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala isiyofanana na nyingine. Mtandao ukisuasua, ujumbe ule ule waweza kukufikia mara ya pili. Anayeijua kazi huangalia kwanza kama namba ile ameshaipokea. Mimi sikuijua. Pasaka ile, aliyelipa mara moja akahesabiwa mara mbili, mfumo ukamwekea siku za ziada, na vyumba vikaonekana vimejaa huku ni vitupu.

Mwenye nyumba nilimpoza mara ya kwanza, akapoa. Mara ya pili, akapoa kidogo. Ya tatu akaniambia: "Dada, maneno yako matamu, lakini mimi nataka vyumba vyangu." Alimtafuta fundi mwingine, na sikuwa na la kumlaumu. Nikakaa chini miezi sita nikisoma hifadhidata na mitandao kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu.

Wa Likoni
Kwangu mdomo ni kuandika. Wenzangu wako Nairobi na Berlin, wengine sijawahi kuwaona uso. Kama kuna kilichonipandisha cheo ni hiki: nikiona kazi itachelewa nasema Jumanne, singojei Ijumaa jioni. Naingia kwenye feri, nitarudi.

Mkongwe wa Nyali
Niliongoza watu watano, na nikipitia msimbo wao nilikuwa moto. Naandika mbele ya wote: "Nani kaandika uchafu huu?" Nilijikinga kwa jina la Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, na Git, chombo cha kutunza msimbo: mbona yeye hutukana na dunia nzima yatumia kazi yake? Basi Septemba 2018 yeye mwenyewe aliwaandikia wanaoendeleza Linux akaomba radhi kwa ukali wake, akakaa kando kwa muda. Kinga yangu ikaisha hapo.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaungua. Kijana wangu mmoja aligundua kwamba nakala za akiba hazihifadhiwi, wiki mbili zimepita. Akanyamaza. Diski ikafa Jumamosi. Tuliingiza data ya wiki mbili kwa mkono, kutoka risiti za karatasi, watu sita meza moja, feni moja. Nikamuuliza mbona hukusema? Akajibu bila kuinua macho: "Nilijua utasema ni mimi niliyeziharibu."

Nilikuwa ningesema hivyo. Nawaambia kweli.

Mwanafunzi wa Tudor
Shikamoni wakubwa. Mimi niko mwaka wa tatu, msimbo naandika vizuri, lakini mtu akinitazama nikifanya kazi mikono yanitetemeka. Darasani hakuna anayenifundisha kuongea na mwenye duka. Nianzie wapi?

Binti wa Bamburi
Marahaba. Usiache kusoma, kwanza.

Mwenye mada
Marahaba mdogo wangu. Lile duka la leso bado ni wateja wangu. Jumamosi saa mbili asubuhi naenda kukaa nao kaunta, kuna mambo ya mauzo ya jumla wanataka yabadilishwe. Niandikie faraghani nikuelekeze. Kompyuta iache nyumbani, njoo na daftari na kalamu. Na usile sana kabla ya kuja, mama mwenye duka hakubali mgeni akatae mahamri.