Wanaua vipanga huku milimani Uingereza na sheria ipo, sisi wa kawaida tufanyeje?

mama_nasra:
Wakuu habari za jioni. Niko Sheffield mwaka wa sita sasa na Jumapili huwa natoka na wanangu kutembea Peak District, hifadhi ya milima karibu na mji. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa kati kaona ndege mkubwa wa kahawia kalala kifudifudi pembeni ya njia, mabawa kayatandaza, makucha kayakunja ngumi kabisa, na hatua chache tu kutoka hapo kuna sungura kapasuliwa tumbo kaachwa wazi. Mtoto akainama amnyanyue, mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akapiga kelele tusiguse kitu, akasema hiyo inaweza kuwa sumu. Ndo akatueleza kwamba kule juu ni mashamba ya kuwindia grausi, ndege fulani kama kwale, na wapo watu wanaua vipanga na tai ili wasile hao grausi. Tangu siku ile sina amani. Hivi hii si kosa kisheria? Na mimi ambaye hata uraia sina naweza kufanya kitu, au ndo yale ya kusaini halafu kimya?

kozi_wa_perth:
Pole dada, na huyo mzee Mungu ambariki, kuna sumu zinapita hata kwenye ngozi. Kosa ni kosa tena la jela, ndege wengi wa jamii hiyo wanalindwa tangu 1954 na sheria ya 1981 ikakaza zaidi. Kinachokosekana ni ushahidi, maana shamba ni la mtu, ni vilima maili na maili, na anayeua ni mfanyakazi wa hapohapo anayejua kila korongo.

Uwindaji wenyewe uko hivi: wenye bunduki wanajipanga kwenye vibanda vya mawe, wengine wanatembea kwa mstari na bendera kuwaswaga grausi wapite juu yao, msimu unafunguliwa tarehe 12 Agosti na watu wanalipa hela ndefu. Sasa ili hiyo biashara iende lazima grausi wawe wengi kupita kawaida, kwa hiyo wanachoma vichaka kwa zamu ili machipukizi yaote, wanaua mbweha na kunguru ambao kisheria ni ruksa, halafu wapo wanaovuka mstari wanaingia kwa vipanga. Anayeumia zaidi ni yule wanamwita hen harrier. Dume lake ni la kijivu karibu jeupe, akirudi na windo anamwita jike atoke kiotani, anamdondoshea chakula angani na jike anapinduka chali anakidaka kwa makucha, mimi nimeona mara moja tu na mwili ulinisisimka. Mwaka 2013 England nzima hakuna kinda hata mmoja wa ndege huyu aliyefikia kuruka. Na utafiti uliotoka 2019 ulifuatilia 58 waliofungwa vifaa vya satelaiti, asilimia 72 yao ama waliuawa kinyume cha sheria ama dalili zote zinaelekea huko. Kifaa leo kinatuma vizuri, kesho kimya, na mwili hauonekani.

mzee_wa_kilindi:
Naomba niulize bila ubaya. Huku kwetu mwewe akibeba vifaranga tunampiga mawe na hakuna anayeshtakiwa. Hao wafanyakazi nao si wanalinda ugali wao? Au hao ndege hawali grausi kweli?

kozi_wa_perth:
Wanakula mzee wangu, hilo silifichi. Kule Langholm, Scotland, miaka ya 90 walilinda vipanga wakaongezeka na grausi wakapungua hadi uwindaji ukasimama. Lakini walipojaribu kuwawekea vipanga chakula kingine karibu na viota, makinda wa grausi waliopelekwa kiotani walipungua sana, kwa hiyo njia ipo. Na wewe mwewe anakula vifaranga vya kulisha nyumba yako, huku grausi ni ndege wa porini anayezidishwa kwa makusudi ili apigwe risasi kwa burudani. Kwangu havilingani kabisa.

ole_narok:
Hii sumu mimi naijua. Huku kwetu Kenya ilikuwa Furadan, dawa ya wadudu ya shambani, ilikuwa inauzwa dukani wazi. Simba akiua ng'ombe mtu ananyunyiza kwa mzoga, na tumbusi wanashuka kwa makumi wanakufa wote hapo hapo, nilikuwa kijana nikaona. Iliondolewa madukani 2009 baada ya watu kupiga kelele sana. Kemikali yake ni kabofurani, na huko Uingereza ilipigwa marufuku 2001 lakini bado imekuwa ikipatikana kwa ndege waliotegewa. Kwa hivyo dada usifikirie kelele ni bure.

kozi_wa_perth:
Ahsante ole_narok. Dada, kusaini: huhitaji uraia, ukiwa mkazi unaruhusiwa. Sahihi laki moja zinaweza kufikisha hoja bungeni, 2016 ile ya kupiga marufuku uwindaji huu zilipita 123,000 ikajadiliwa, 2025 ikajadiliwa tena, serikali ikakataa zote mbili, ni kweli inachosha. Lakini Scotland baada ya miaka ya kusukuma ikapita sheria ya 2024, sasa shamba halipigi grausi bila leseni na leseni inaweza kuondolewa hata kama hakuna aliyetiwa hatiani mahakamani. Hicho ndo cha kudai England, maana kumkamata mtu na bunduki mkononi ni bahati nasibu. Agosti pia kuna Hen Harrier Day, siku ya watu kukusanyika kumtetea ndege huyo, ya kwanza 2014 ilifanyika hukohuko kwenu kwenye bwawa la Derwent, watu 570 walisimama kwenye mvua kubwa. Nenda na watoto.

Ila kwanza yule ndege. Uliripoti?

mama_nasra:
Hapana, nilidhani mzee ataripoti. Ila binti yangu alipiga picha mbili kwa simu.

kozi_wa_perth:
Usizifute! Ingia kwenye taarifa za picha, mara nyingi simu inahifadhi mahali na saa. Piga 101 asubuhi, namba ya polisi isiyo ya dharura, waambie unataka afisa wa makosa ya wanyamapori, taja sungura pia, kisha wapigie RSPB, shirika la kulinda ndege. Na usirudi pale peke yako.

mama_nasra:
Nimeangalia, mahali ipo, na saa 8:47 mchana. Kesho niko zamu ya usiku kwa hiyo asubuhi nina nafasi, napiga.