Mgomo wa Mombasa 1947: karatasi zake ziko wapi?

Wadau, marehemu babu alikuwa kuli Kilindini. Alituhadithia mgomo wa Januari 1947: meli zimekaa na mizigo, hata wapishi wa mahoteli wamegoma. Nataka kusoma yaliyoandikwa. Nianzie wapi?

— Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Omba mafaili ya Mkoa wa Pwani, na tafuta jina la Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers Federation, aliyekamatwa Agosti mwaka huohuo. Tafuta kwa Kiingereza. Makarani wa serikali hawakuandika "mgomo".

— Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, pia: mfululizo wa CO 533, yaani mafaili ya Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya. Lakini hapo anazungumza mkoloni tu, makuli wanatajwa kama kero.

— Shukrani. Shangazi ana kadi ya kazi ya babu, nitamwomba niipige picha.