Boti ya mita 6, lita 140, safari ya maili 140 kwenda na kurudi: mafuta yatatosha?

Mwana_Omo:

Wakuu, naomba mnisaidie hesabu kabla sijang'oa nanga. Nina boti ya faiba ya mita 6, mashine moja ya farasi 40, ya mapigo manne, yaani haichanganywi oili. Tangi la chini ya sakafu ni la lita 100, na nina madumu mawili ya lita 20. Jumla 140.

Tunakwenda kisiwani, maili 70 kwenda na 70 kurudi (maili zote nazotaja ni za baharini, ile ya kilomita 1.852). Huko hakuna mafuta hata tone, kwa hiyo ninachoondoka nacho ndicho kitakachonirudisha. Tutakuwa watu watano, pamoja na maji ya kunywa, mahema na nanga ya akiba.

Hesabu yangu: mashine ikifunguliwa moto wote inakula lita 15 kwa saa, na boti imewahi kunipa maili 20 kwa saa. Maili 140 ni saa 7. Saa 7 mara 15 ni lita 105. Zinabaki 35. Mke wangu kaniuliza mara mbili kama nina hakika, na kila nikimjibu ndiyo nahisi kuna kitu sijakiweka. Ni kipi?

Mzee_wa_Tezi:

Ndugu yangu, mama watoto yuko sahihi, na nakushukuru umeuliza ukiwa bado nchi kavu.

Kwanza, hizo maili 20 kwa saa ulizipata mkiwa wangapi? Nadhani wawili, tangi nusu, bahari imelala. Watu watano na mizigo, moto uleule na lita zilezile 15, boti kama yako utaiona kwenye maili 16 hivi. Sasa acha kuhesabu lita kwa saa, hesabu lita kwa maili: 15 gawa kwa 16 ni lita 0.94. Mara maili 140 inakuja lita 131.

Pili, huna lita 140. Mrija wa kuvutia mafuta haugusi chini ya tangi, na ukigusa utavuta maji na uchafu. Katika lita 100 hesabu 90. Kwa hiyo una 130, na safari inataka 131, kukiwa hakuna upepo, hakuna mkondo, na hujapotea njia hata kidogo.

Niliwahi kukaukiwa maili 11 kutoka ufukweni, geji inaonyesha robo. Tangi langu lilikuwa limebanwa chini kufuata tumbo la boti, pana juu na jembamba chini. Geji inasoma kimo, haisomi lita, na robo ya mwisho ya kimo katika tangi la namna ile haifikii hata kidogo robo ya mafuta. Mawimbi yakawa yanayarusha yaliyobaki huku na huku, mrija ukavuta hewa, mashine ikakohoa ikazima. Namshukuru Mungu kina kiliruhusu nanga. Boti nyingine ilitukuta alfajiri. Mwanangu alikuwa na miaka 9, na usiku kucha aliniuliza swali moja tu: tutarudi lini? Geji yangu siiamini tena, naamini daftari.

Kanuni ninayoifuata ni ya mafungu matatu: fungu moja kwenda, moja kurudi, moja haliguswi. Kwa lita 130, safari nzima, kwenda na kurudi, isizidi lita 87.

Sasa nenda ukaipime boti yako mwenyewe, usitumie namba zangu wala za kijitabu cha mashine. Chomoa mpira wa tangi kubwa, unganisha tangi dogo la kubeba. Lipime kwenye mizani kabla. Shika mizunguko ileile ya mashine kwa dakika, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi kwenye mstari uleule, ili mkondo ujifute, huku GPS ikikuandikia maili. Ukirudi lipime tena. Lita moja ya petroli ni kama kilo 0.74, kwa hiyo kilo zilizopungua gawa kwa 0.74. Rudia kwa mizunguko minne tofauti. Na pakia uzito kamili wa safari, hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya.

Dumu_Tupu:

Naongezea kuhusu madumu, kwa sababu nimeona watu wakiyajaza yakiwa ndani ya boti. Yashushe, yaweke chini kabisa, ndipo ujaze; umeme tuli unaweza kuruka cheche. Usijaze hadi mdomoni, petroli inatanuka juani. Na usiyafungie chini ya sakafu: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa hapo ukingoja cheche. Yafunge kamba mahali penye upepo.

Pia usingoje tangi liishe ndipo umimine. Kumimina lita 20 boti inapoyumba ni kazi mbaya, nusu itaishia kwenye maji na maji yataingia kwenye mafuta. Mimina mkiwa mmetia nanga kisiwani, kwenye maji matulivu, kupitia faneli yenye chujio.

Mwana_Omo:

Nimerudi, nimepima. Badala ya watu nilipakia madumu 15 ya maji ya lita 20, kilo 300 pamoja, nikabaki mimi na kijana mmoja. Asubuhi mbili nzima. Matokeo:

Mizunguko 5,500: maili 17 kwa saa, lita 15.2 kwa saa, yaani 0.89 kwa maili.
Mizunguko 4,500: maili 14, lita 9.1, yaani 0.65.
Mizunguko 4,000: maili 9, lita 8, yaani 0.89.
Mizunguko 2,200: maili 5, lita 2.5, yaani 0.5.

Ule wa 4,000 umenishangaza. Nimepunguza moto, nimepunguza mwendo, na bado nakula kwa maili sawa na moto wote! Boti ilikuwa imeinua omo (mbele) na kuzamisha tezi (nyuma), inasukuma kilima cha maji, haijapanda juu ya maji wala haijatulia ndani yake. Ningeenda bila kupima, mawimbi yakizidi ningepunguza mpaka hapohapo nikiamini nahifadhi mafuta.

Kwa 0.65 safari nzima ni lita 91. Nimeongeza dumu la tatu, kwa hiyo ya kutumika sasa ni 150, na theluthi mbili ni 100. Au niende kwa maili 5 kwa saa nitumie lita 70 tu?

Mzee_wa_Tezi:

Umefanya kazi nzuri sana, na namba zako nazipenda kuliko za kijitabu.

Mwendo wa maili 5 uache uwe wa dharura. Ni saa 14 kwenda peke yake, na mkondo unamuumiza zaidi anayekwenda polepole. Mkondo wa maili 2 kwa saa ukikukabili, kwenye maili 5 unabaki na 3, na ile 0.5 inageuka 0.83. Kwenye maili 14 unabaki na 12, na 0.65 inakuwa 0.76. Kwa hiyo chukua 4,500.

Sasa fanya hesabu ya siku mbaya. Kwenda umetumia lita 46, zimebaki 104. Siku ya kurudi upepo uko usoni, mawimbi yanakushusha mpaka maili 9, pale pale kwenye 0.89. Maili 70 ni lita 62. Unafika na 42. Hiyo naikubali. Kwa madumu mawili ungefika na 22, na watu wanne wengine ndani, nisingekuruhusu.

Halafu weka alama kwenye GPS maili ya 35. Mpaka hapo unatakiwa uwe umetumia kama lita 23. Usitazame geji: kwa mizunguko 4,500 ni lita 9.1 mara saa ulizokwenda, andika kwenye daftari. Ukikuta umevuka 30, au saa zimezidi tatu na nusu, geuza boti hapohapo, hata kama kisiwa mnakiona. Waambie abiria sheria hiyo kabla hamjaondoka, ili wasije wakakubembeleza huko.

Mwana_Omo:

Nimeiandika kwa kalamu ya rangi kando ya usukani: 35, 30, tatu na nusu. Mke wangu ndiye atakayeshika daftari.