Mrejesho: jiko la kuchomelea bodi za elektroniki limetulia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini jiko langu la elementi ya pasi na bamba la alumini linapitiliza joto: naweka 200°C, linapanda hadi 240. Aliyesema tatizo ni kihisi joto alilenga penyewe. Nilikuwa nimekibandika juu juu kwa utepe. Nimetoboa tundu ubavuni mwa bamba, nikakizamisha humo. Sasa linapitiliza nyuzi 4 tu. Risasi ya kuchomelea ya 63/37 (bati 63%, madini ya risasi 37%), inayoyeyuka kwenye 183°C, inang'aa ghafla na chipu inajivuta yenyewe mahali pake. Raha kuitazama! Kuongeza unene wa bamba hakukusaidia, pembeni bado joto ni hafifu, kwa hiyo bodi naiweka katikati. Na aliyesisitiza waya wa ethi (wa kukinga mtu asipigwe na umeme) kwenye bamba, nimeufunga. Asanteni sana.